Jibu kwa mwalimu: vijana wamechora banda jipya la tumbili na nungunungu, tununue nini kwanza?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa biolojia sekondari moja huku pwani ya Tanzania, nasimamia klabu ya sayansi ina vijana 22 wa kidato cha pili na cha tatu. Karibu na shule kuna bustani ndogo ya wanyama ya mtu binafsi, tumeongea na meneja amekubali tumsaidie kuboresha mabanda mawili. La kwanza lina tumbili wanne, ni la wavu wa chuma pande zote, mita 6 kwa 4, juu mita 3, sakafu ya zege, ndani kuna bomba moja la kukalia basi. Jike mmoja amenyonyoka manyoya mikononi. La pili ana nungunungu mmoja, kila siku kuanzia kama saa kumi jioni anatembea kando ya ukuta huku na huko, njia ileile, mpaka sakafu ya zege imeng'aa. Mhudumu anasema anafanya mazoezi. Vijana wamechora dizaini: mnara wa mirunda, matairi ya kubembea kwa mabanda yote mawili, kamba za manila, na ukuta uchorwe msitu ili wajisikie nyumbani. Tuna laki sita na nusu, maonyesho ya sayansi ni baada ya miezi mitatu. Je dizaini iko sawa, na tununue nini kwanza? Halafu kuna kijana mmoja amegoma, anasema jela hata ukiipamba ni jela tu. Nimjibu nini?*

Marahaba mwalimu, na hongera kwa kumpata meneja anayekubali watoto wa shule wamguse banda lake, wengi hata getini hawakupitishi. Nimesoma swali lako mara mbili na naona umeniuliza mambo matatu kwa mpigo: mchoro unafaa au haufai, hela iende wapi, na huyo kijana aliyegoma. Nitayajibu yote ila kwa mpangilio wangu, manake la kununua kwangu mimi ndiyo la mwisho kabisa.

Jibu fupi ili usikae na presha: mirunda ibaki, matairi na manila vitoke. Msitu wa ukutani mnaweza kuuchora ila mjue mnamchorea mgeni aliyelipa kiingilio, tumbili hana habari nao. Na nungunungu mtoeni kwenye huo mchoro kabisa apangiwe wa kwake, kwa sababu nungunungu wa kwetu si mnyama wa kupanda wala kubembea, ni wa ardhini, wa shimoni na wa usiku, ukimtundikia tairi atakachofanya ni kulitafuna. Msiwalaumu vijana, karibu kila anayechora banda kwa mara ya kwanza anachora kitu ambacho yeye mwenyewe angependa kukichezea.

Sasa tuanze na huyo nungunungu. Yale siyo mazoezi. Mnyama anayepita njia ileile, hatua zilezile, anageukia palepale mpaka zege inang'aa, hiyo ni tabia ya kujirudia ambayo porini huioni. Inakuja hivi: mwili unamsukuma afanye jambo, atafute chakula, achimbe, atoke shimoni azunguke eneo lake, halafu banda halimpi namna ya kulifanya hilo jambo likafika mwisho, basi kinachobaki ni mwendo mtupu unaojirudia. Ukishakaa miaka unakuwa mazoea, hata banda likiboreshwa hauishi wote, kwa hiyo mkiona umepungua nusu msivunjike moyo, hiyo ni kazi kubwa.

Ila kabla hamjalishutumu banda angalieni saa. Umesema kuanzia saa kumi. Chakula kinakuja saa ngapi? Kama ni saa kumi na moja kila siku, kwenye beseni lilelile, kupitia mlango uleule, basi sehemu kubwa ya ule mwendo ni kusubiri: anasikia ndoo, anasikia mhudumu anakatakata vyakula, na hana kingine cha kufanya. Hili mnaweza kulipima bila kutoa hata shilingi. Mwombeni mhudumu kwa wiki moja chakula kigawanywe mara tatu, saa zibadilike badilike, na fungu kubwa litolewe giza likishaingia manake ndiyo muda wake halisi wa kula. Nyie mkae mhesabu anatembea dakika ngapi kwa saa. Nikibahatisha kutoka huku niliko nasema utapungua, lakini msiniamini, hesabuni.

Watu wengi wanadhani kumpa mnyama chakula mbele ya pua ndiyo kumtunza. Mwaka 1963 mtafiti mmoja, Glen Jensen, aliwawekea panya chakula cha bure kwenye bakuli na pembeni akaweka kitufe ambacho panya akikibonyeza anapata chakula kilekile. Panya waliendelea kubonyeza hata bakuli likiwa limejaa pale. Baadaye jambo hilo likaonekana kwa wanyama wengine wengi (paka wa nyumbani ndiye amejitoa, yeye anapenda cha bure). Maana yake kutafuta chakula ni hitaji lenyewe, siyo usumbufu ambao tunamwondolea mnyama kwa wema wetu. Na nungunungu anatafuta vipi? Muulize mkulima yeyote wa mihogo atakuambia kwa uchungu. Anafukua. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kujenga kwenye banda lile ni sanduku la kufukulia: juu ya zege hiyohiyo mpange matofali ya bloku mistari mitatu, upana kama mita moja na nusu kwa mbili, mjaze mchanga uliochanganywa na udongo, chini mwache matundu ya maji kutoka, halafu kila jioni mhudumu afukie mihogo na viazi vitamu na vipande vya boga humo, leo kona hii, kesho kona ile. Lisigusane na ukuta wala uzio kwa sababu mchanga ukiinuka pembeni ya uzio umeupunguza uzio urefu bila kujua.

La pili ni pango. Hujaniambia mchana analala wapi na hiyo kwangu ni dalili kwamba pengine hana pa kulala, anajikunja kwenye kona watu wakimpigia miluzi. Mjengee pango la bloku na mawe bapa, ndani apate nafasi ya kugeuka huku miiba imesimama, kama mita moja na robo kila upande, njia ya kuingilia iwe na kona ili mwanga usifike ndani, na ziwepo njia mbili za kutokea. Juu pawe na mfuniko ambao watu wawili wanaweza kuuinua ili daktari akitaka kumwona asilazimike kubomoa. Mkiweka bati tupu kwa jua la pwani mtamwoka, wekeni makuti au udongo juu yake. Mlango usiwaelekee wageni. Hapa meneja atalalamika, na ana haki ya kulalamika, mgeni amelipa na nungunungu haonekani. Mwambieni ukweli, mchana ataonekana kidogo mwanzoni. Mara nyingi mnyama akishajua ana pa kukimbilia anakuwa na ujasiri wa kutoka, ila hilo simwahidi mtu. Ule ufundi wa kuchora vijana wauhamishie hapa: ubao mzuri unaoeleza nungunungu anaishi vipi, kwa nini amelala, na jioni aje saa ngapi kumwona anafukua.

La tatu, cha kutafuna. Meno yake ya mbele yanaota maisha yote. Apate magogo ya mpera au mkwaju yenye magamba yake. Porini nungunungu anakusanya mifupa na kuitafuna kupata madini, na daktari wa wanyama akiruhusu mhudumu anaweza kumpa mfupa wa buchani uliochemshwa ukakauka, lakini vijana wasije na mifupa ya kuokota porini hata iwe mizuri vipi, kimeta kinakaa kwenye mabaki na udongo miaka mingi. Na hapohapo kwenye kutafuna: msitumie nguzo kuukuu za umeme zilizopakwa krizoti, ile dawa nyeusi, wala mirunda ya kijani iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Fundi atakuambia ndiyo imara kuliko zote na ni kweli ni imara, ila siyo kwa mnyama anayekula nyumba yake. Hili ni kwa tumbili pia.

Haya twende kwa tumbili, na hapa ndipo mchoro wa vijana ulipo karibu na ukweli.

Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha mambo waliyoyaona kwa tumbili wa Amboseli kule Kenya. Tumbili wana milio tofauti ya kuonyana kwa maadui tofauti. Watafiti walirekodi ile milio wakaja kuipiga kwenye spika iliyofichwa wakati adui mwenyewe hayupo. Mlio wa chui ukisikika tumbili wanakimbilia juu ya mti. Mlio wa tai, wanaangalia juu na kukimbilia kwenye kichaka. Mlio wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili wanachungulia majani ya chini. Mimi kila nikiulizwa kuhusu banda la tumbili nawaeleza watu jambo hili kwa sababu linakupa dizaini karibu nzima: mnyama huyu kichwani mwake ana njia mbili za kukimbia hofu, juu na kichakani, na banda lenu halina hata moja. Bomba moja siyo juu. Wavu pande zote maana yake popote alipo anaonekana, mbwa akipita, kunguru wakishuka, watoto wa shule nyingine wakimrushia njugu, mwili unamwambia kimbia na hakuna pa kukimbilia. Mnara wa vijana unaleta juu. Kichaka wamekisahau.

Usinielewe vibaya kwenye suala la ukubwa, banda kubwa ni bora na mkiweza kuongeza nafasi ongezeni. Lakini kwa laki sita na nusu hamtaongeza, na nafasi mliyonayo haitumiki. Sita mara nne mara tatu ni mita za ujazo 72 na tumbili wenu wanatumia sakafu na bomba. Katikati yote ni hewa. Kwa hiyo majukwaa ya mbao kwenye vimo tofauti, moja kiunoni, lingine kichwani, la juu kabisa libakize nafasi ya kukaa bila kugusa wavu, kila moja lienee tumbili wawili wakichambuana manyoya. Na kila jukwaa liwe na njia mbili za kutoka, hii msiifanyie mchezo. Tumbili wana wakubwa na wadogo, mnyonge akibanwa kwenye jukwaa lenye njia moja anaumwa au anaruka vibaya. Vijana wapitishe kidole kwenye mchoro wao, jukwaa kwa jukwaa, waulize huyu akija huku mimi natokea wapi.

Kuhusu kusimamisha, msivunje zege kuchimbia nguzo. Mwiteni fundi wa kuchomelea aangalie kama mihimili ya banda inaweza kubeba, mirunda ifungwe kwa klampu na bolti za mabati zisizoota kutu, siyo misumari, chumvi ya pwani inakula msumari kwa msimu mmoja. Mkimaliza ning'inizeni magunia ya mchanga yaliyo mazito mara kadhaa kuliko tumbili wote wanne, yalale hapo usiku mzima. Na kitu ambacho watu hawakikumbuki: kabla ya kumpandisha tumbili juu kagueni wavu wa juu. Leo hawaufikii vizuri, kesho mtakuwa mmewawekea ngazi na wana muda wote wa kutafuta tundu lililooza.

Kichaka sasa. Cha rahisi na chenye faida kuliko vyote kwenye barua hii ni makuti. Funikeni upande wa nyuma na pande mbili za ubavuni kwa makuti au fito zilizosukwa, wageni wabaki na upande mmoja tu. Mswisi Heini Hediger, aliyeongoza bustani za Basel na Zurich na ambaye kitabu chake cha wanyama waliofungiwa kilitoka 1942, alieleza vizuri kwamba kila mnyama ana umbali wake ambao ukiuvuka lazima akimbie, na mtu akiruhusiwa kulizunguka banda pande zote umempokonya ule umbali. Ndani nako wekeni kipande cha ukuta wa fito katikati ili tumbili mmoja aweze kutoonekana na mwenzake, ugomvi mwingi unaisha kwa kutoonana. Watayachana makuti, waacheni wachane, kuchana nayo ni kazi, yakiisha mnabandika mengine.

Sakafu ya zege: mwageni maranda, yale ya randa siyo vumbi la msumeno, unene wa sentimita kumi hivi au zaidi, halafu sehemu ya nafaka yao, mtama, ulezi, alizeti, ichanganywe humo badala ya kuwekwa kwenye bakuli. Mhudumu atawaambia ni uchafu. Mwaka 1982 Arnold Chamove na wenzake walijaribu matandiko mazito ya vipande vya mbao kwa jamii nane za nyani na jamaa zao, wakakuta wanyama wanatumia muda mwingi kutafuta chakula, ugomvi unapungua, na bakteria badala ya kuongezeka walizidi kukosa nafasi kadiri matandiko yalivyokaa. Sharti yawe makavu, palipoloa paondolewe, na maranda yasitoke kwenye mbao za dawa au za rangi. Chakula hicho kitoke kwenye posho yao ya siku, siyo nyongeza, la sivyo mtawanenepesha.

Vijana wanaotaka kutumia drili wapewe mianzi. Kata vipande vya sentimita 40 vilivyozibwa ncha mbili na yale mafundo yake, toboa matundu ya ukubwa tofauti, ndani karanga chache, mning'inize kwa mnyororo mfupi ulionyooka. Tumbili anazungusha, anachungulia, anatikisa, anaingiza kidole, inaweza kumchukua nusu saa kitu ambacho bakulini angemaliza kwa dakika moja. Karanga ziwe safi, zile zenye sumukuvu msiwape kisa ni wanyama. Na kwa tumbili wanne tengenezeni sita, siyo vinne, kwa sababu dume mkubwa atashika kimoja na kukalia kingine.

Yule jike aliyenyonyoka simgusi kwa mbali. Anaweza kuwa anajinyonyoa mwenyewe kwa msongo, anaweza kuwa anachambuliwa kupita kiasi na mwenzake, inaweza kuwa ni ngozi, wadudu au lishe. Kila moja ina dawa yake na makuti hayatibu upele. Daktari wa wanyama amwone kabla hamjabadilisha chochote, mkichelewa mtakuja kusema banda jipya limemsaidia kumbe ni ugonjwa umepoa, au limemdhuru kumbe alikuwa anaumwa.

Kwa nini nimeyakataa matairi: mengi ya siku hizi yana nyaya za chuma ndani, likitafunwa zinatokeza. Halafu yanashika maji ya mvua na hayo ndiyo mazalia ya mbu wa dengi, Dar wanajua. Manila nayo inachakaa kwa kutoa nyuzi nyembamba ngumu, uzi unamzunguka tumbili kidole, damu inakatika, kidole kinakufa. Tumieni katani, nene, ifungwe ncha zote mbili ikiwa imekazwa, kusiwe na kitanzi chochote kinachoweza kuingia kichwa au mguu, na mhudumu aikague kila asubuhi. Ikianza kulegea itolewe siku hiyohiyo.

Siku ya kazi fanyeni hivi. Mtu mmoja kazi yake iwe kuhesabu tu: misumari, bolti, nati na vipande vya waya vilivyoingia, na vilivyotoka. Mkimaliza chukueni sumaku ya spika mbovu, ile ya duara, ifungeni kamba, mwiburuze sakafuni kona zote taratibu kabla ya kumwaga maranda, mtashangaa vitu vitakavyonata, vingine vya fundi aliyejenga banda miaka iliyopita. Mnaipangusa, mnarudia mpaka itoke mikono mitupu.

Sasa turudi nyuma, manake haya yote yanatanguliwa na kitu kimoja ambacho ndicho ningekifanya klabu nzima wiki mbili za mwanzo: kukaa na kuangalia. Siyo kuangalia kwa kuduwaa. Jeanne Altmann, ambaye amewafuatilia nyani wa Amboseli hukohuko Kenya miaka mingi, aliandika 1974 kuhusu namna za kurekodi tabia za wanyama, na njia hizo zinatumika mpaka leo dunia nzima na hazihitaji zaidi ya daftari na saa. Kila baada ya dakika tano kijana anaandika kila mnyama anafanya nini muda uleule: anakula, anatafuta, amelala, anachambua mwenzake, anagombana, anatembea njia ileile, amekaa bure. Mkae saa nzima asubuhi, saa nzima mchana, saa nzima jioni. Vijana wawili waandike mnyama mmoja bila kuchunguliana, mkilinganisha daftari mtajua kama wanaelewana kuhusu wanachokiona. Mkishajenga mnarudia vilevile, halafu mnarudia tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu kitu kipya siku tatu za kwanza kinamchangamsha kila mnyama au kinamtisha kila mnyama, na yote mawili yanapita. Wakiogopa mnara siku ya kwanza msiushushe, wala msiwavute kwa ndizi. Waacheni.

Na mtagundua kwamba kinachodumu siyo mnara, ni mabadiliko. Mnara ukikaa mwaka bila kuguswa unakuwa kama ukuta tu. Mianzi ya leo kesho itolewe, wiki ijayo irudi, makuti mapya, magogo yahame. Kwa hiyo kati ya laki sita na nusu yenu msizike zote kwenye mbao, bakizeni kama theluthi ya kununua maranda, katani na makuti kwa miezi inayofuata, na mkubaliane na mhudumu nani atafanya nini nyie mkiwa kwenye mitihani. Mhudumu asipoupenda mradi utakufa mkifika getini. Mshirikisheni tangu kwenye mchoro, yeye ndiye anajua dume ana wivu na nani.

Huyo kijana aliyegoma, mwalimu, usimbembeleze na usimfukuze. Ana hoja. Banda zuri bado ni banda, na ana haki ya kuuliza wanyama hawa wametoka wapi, kama bustani ina kibali, na kama wanazalishwa ili iweje. Muulizeni meneja mbele yake. Kwenye sehemu nyingi za huku kwetu jibu ni kwamba ni yatima, au walinaswa mitegoni, au walinyang'anywa watu waliowafuga tangu wadogo, na tumbili aliyelelewa na mtu ukimwachia porini peke yake humwokoi. Hao wanne leo usiku watalala humo, mtu awe anaipinga jela au haipingi. Tena mweleze kwamba sehemu hizi hubadilika: Saanane pale Mwanza ilianza 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa, na ile ya Entebbe kule Uganda iliyoanza enzi za ukoloni 1952 leo ni kituo cha elimu kinachopokea wanyama waliookolewa. Mimi ningempa yeye usimamizi wa daftari za kuangalia wanyama. Mtu anayelitilia shaka banda ndiye hatawaandikia matokeo ya kujifurahisha.

Vya usalama naomba usivikate hata kama muda ni mdogo. Hakuna kijana anayeingia bandani mnyama akiwa ndani, hata nungunungu, hatupi miiba kama wanavyosema ila anarudi kinyumenyume kwa kasi na inakuingia. Mwenye mafua, kikohozi au homa siku hiyo abaki nyumbani, kifua kikuu na surua vinatoka kwetu kwenda kwa tumbili. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo, kichaa cha mbwa hakisubiri dalili. Mimea ya mapambo msipande bila kuuliza: mbarika, mbono, minyaa na oleanda visikaribie.

Wa kuwaona ana kwa ana ni hawa: daktari wa wanyama kwa yule jike na kwa mabadiliko yoyote ya chakula, fundi chuma kwa mihimili na wavu, na kama meneja akisuasua mkimuuliza kibali, ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA, ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, kabla hamjaweka jina la shule kwenye kibao chochote. Kuhusu maonyesho, msijenge kwa kukimbizana nayo. Miezi mitatu inatosha kuangalia, kufanya pango la nungunungu na makuti ya tumbili, na kuanza kupima. Mkifika kwenye maonyesho na grafu ya kabla na baada ya nungunungu mmoja mtakuwa na kitu chenye uzito kuliko picha ya mnara.

Ila Jumatatu, kabla ya yote, nenda kamuulize mhudumu swali moja: hayo mabanda yana chumba cha pili ambacho mnyama anaweza kufungiwa wakati watu wanafanya kazi? Kama kipo, endeleeni. Kama hakipo, laki sita na nusu yote inaenda huko kwanza, chumba kidogo chenye mlango wa kuteleza unaofungwa kutoka nje, tena kijengwe na fundi wao chini ya usimamizi wa meneja, na mnara wa vijana usubiri muhula ujao.